Waridi la Huku Halilali: Namna ya Kulinda Miwaridi Dhidi ya Sakitu na Baridi

SOMO LA KILIMO

Usiku mmoja wa Januari unatosha kumtia mkulima wa maua hasara ya miezi miwili. Jioni anafunga lango la shamba akiwa ameacha machipukizi mekundu yenye afya, vitumba vimeanza kujitokeza, na hesabu ya soko la Februari iko kichwani. Alfajiri anaamka na kukuta nyasi zimekuwa nyeupe na zinavunjika chini ya buti. Kufikia saa nne, jua likiwa limepanda, majani ya miwaridi yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Kesho yake yamekuwa meusi.

Wakazi wa Kinangop, Ol Kalou, Kipipiri na maeneo mengine ya Kaunti ya Nyandarua wanaijua hali hii, kwani viazi na mboga pia huungua. Lakini mwaridi una tofauti moja kubwa na kiazi. Kiazi ni zao la msimu. Mwaridi ni mti wa miaka. Mche uliotunzwa vyema hutoa maua kwa miaka mingi, kwa hivyo anayeupoteza hupoteza mavuno ya leo pamoja na ya miaka ijayo. Jambo la kusikitisha ni kwamba miwaridi mingi inayong'olewa baada ya sakitu huwa bado haijafa.

Somo hili linaeleza sakitu inavyotokea, kwa nini ushauri wa nchi zenye theluji hauwezi kufuatwa huku neno kwa neno, na hatua ambazo mkulima, shule au mwenye bustani ya nyumbani anaweza kuchukua kabla ya baridi, wakati wa baridi na baada yake.

Sakitu huja vipi?

Sakitu ni umande ulioganda. Mchana, udongo hupokea joto la jua. Usiku, udongo na mimea hurudisha joto hilo juu angani. Kukiwa na mawingu, joto hilo hunaswa kama mtu aliyejifunika blanketi. Mbingu zikiwa wazi na upepo ukiwa umetulia, joto hupotea lote, na hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Jani likifikia nyuzi sifuri za Selsiasi au chini ya hapo, maji yaliyo ndani na juu yake huanza kuganda. Barafu huharibu chembechembe za jani, na linapoyeyuka huachilia maji yake na kulegea.

Hii ndiyo sababu sakitu ya Nyandarua huonekana zaidi miezi ya kiangazi, hasa Desemba hadi Februari, wakati mchana ni wa jua kali na usiku ni wa nyota. Wengi hudhani mwezi wa hatari ni Julai kwa sababu ndio mwezi ambao watu huvaa makoti mchana kutwa. Julai ina baridi yake, na tutaifikia, lakini mawingu na ukungu wa Julai mara nyingi huzuia sakitu isianguke.

Mwinuko nao una sehemu yake. Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya Kinangop imepita mita 2,400. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6. Ndiyo maana mkulima wa Kinangop hawezi kuiga kila kitu anachokiona kwa jirani yake wa bondeni, hata kama wote wanakuza aina moja ya waridi.

Ndani ya shamba moja pia mambo hutofautiana. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto, nayo huteremka kama maji. Hutoka kwenye miteremko, hufuata mabonde ya mito na kujikusanya kwenye mabwawa ya ardhi. Ikikutana na ua mnene wa msaipresi upande wa chini wa shamba, husimama hapo kama maji yaliyozuiwa na ukuta. Mkulima anayetaka kujua mahali pa hatari shambani mwake hahitaji kifaa chochote. Atembee alfajiri ya sakitu na atazame mahali palipo peupe kuliko kwingine, kisha apakumbuke.

Jihadhari pia na kipimajoto kilichotundikwa ukutani. Kinaweza kuonyesha nyuzi 3 au 4 huku nyasi zilizo chini zikiwa zimeganda. Kipime hewa mahali mmea ulipo, karibu na ardhi.

Ushauri wa Minnesota na shamba la Kinangop

Wakulima wengi siku hizi hutafuta ushauri kwenye simu, au huupokea kutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Jimbo la Minnesota, Marekani, ni mfano mzuri, kwa kuwa Wakenya wengi wanaishi huko na majira yake ya baridi ni makali mno. Halijoto huweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri na udongo wenyewe kuganda.

Wapenzi wa maua wa Minnesota wana mbinu iliyozoeleka ya kuzika miwaridi yao. Katikati ya Oktoba hulegeza mizizi upande mmoja, huulaza mche mzima kwenye mtaro, huufunika kwa udongo na juu yake hurundika majani makavu. Aprili huufukua na kuusimamisha tena. Wengine hurundika udongo kiasi cha sentimita 30 kuzunguka shina. Nchini Kanada, mtafiti Felicitas Svejda alianza katika miaka ya 1960 kuzalisha mawaridi yanayovumilia baridi, akitumia miongoni mwa mengine waridi la asili ya Asia Mashariki liitwalo Rosa rugosa. Mawaridi hayo hustahimili majira ya baridi bila kuzikwa.

Mbinu hizo hufanya kazi huko kwa sababu moja: mwaridi wa huko huwa umelala. Kuanzia Agosti siku huzidi kuwa fupi na usiku kupoa polepole. Mmea huona dalili hizo na kujitayarisha. Huacha kuchipuza, huangusha majani, matawi yake hukomaa, na maji ndani ya chembechembe zake hupungua huku sukari ikiongezeka. Theluji inapofika, hukuta mlango umefungwa.

Nyandarua iko kwenye ikweta. Mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima, Januari kama Julai. Mwaridi wa huku haupati dalili ya kulala, kwa hivyo haulali. Huchipuza, huchanua na kuchipuza tena. Usiku wa nyuzi 2 chini ya sifuri, ambao mwaridi uliolala wa Minnesota haungeuhisi, huukuta wa kwetu ukiwa macho, umejaa machipukizi laini yenye maji. Baridi yetu ni ndogo, ila huja ghafla na kuukuta mmea haujajiandaa.

Funzo hapa ni rahisi. Kule, kazi ni kuulinda mmea uliolala kwa miezi mitano. Huku, kazi ni kuulinda mmea ulio macho kwa usiku mmoja mmoja. Mkulima wa Kinangop akiuzika mwaridi wake kwa wiki kadhaa, atauozesha bure.

Kabla ya baridi

1. Chagua mahali. Usipande miwaridi kwenye bwawa la ardhi au kando ya mto ikiwa una sehemu iliyoinuka. Kama ua la chini limeziba, fungua mwanya ili hewa baridi ipate njia ya kutokea. Ua la upande wa juu lina faida, kwani huelekeza hewa baridi kando ya shamba.

2. Punguza mbolea ya naitrojeni. CAN na yurea hutoa machipukizi mengi, marefu na laini, na hayo ndiyo ya kwanza kuungua. Inafaa kuipunguza takriban wiki sita kabla ya kipindi cha sakitu. Mmea bado unahitaji potasiamu, ambayo husaidia tishu zake kukomaa. Vipimo hutegemea udongo, kwa hivyo upimaji wa udongo ni bora kuliko kukisia.

3. Pogoa kwa hesabu. Hapa ndipo penye mtihani mgumu. Siku ya Wapendanao ni tarehe 14 Februari, na anayelenga soko hilo hupogoa wiki nyingi kabla ili maua yakomae mwishoni mwa Januari. Huku juu, ambako waridi huchukua muda mrefu zaidi kukomaa kuliko Naivasha, hiyo ina maana kwamba machipukizi huwa laini zaidi wakati ule ule sakitu inapoanguka.

Chukua mfano wa mkulima mwenye vitalu viwili, kimoja mlimani na kingine karibu na mto. Akivipogoa vyote wiki moja kwa ajili ya Februari, usiku mmoja unaweza kumwondolea soko lote. Akipogoa kitalu cha juu kwa ajili ya Februari, na kile cha chini akakiacha na matawi yaliyokomaa hadi hatari ipungue, atauza maua machache Februari lakini hatakosa kabisa, na kitalu cha chini kitampa maua ya miezi inayofuata. Ni afadhali nusu ya hakika kuliko yote ya kubahatisha.

4. Linda mahali pa kuungia. Miche mingi ya waridi inayouzwa nchini imeunganishwa: sehemu ya juu ni aina inayotoa ua linalotakikana, nayo sehemu ya chini ni shina lenye mizizi imara, kwa kawaida aina ya Natal Briar. Uvimbe unaoonekana karibu na ardhi ndio kiungo. Juu ya kiungo pakifa pote, kinachobaki ni mwaridi mwitu. Kwa miche iliyo chini ya mwaka mmoja, rundika udongo mkavu wa sentimita 10 kufunika kiungo katika kipindi cha sakitu, kisha uuondoe mvua ndefu zinapokaribia ili shina lisioze.

Usiku wa sakitu

Dalili zinajulikana: mchana wa jua, mbingu bila wingu, upepo unaotulia magharibi, na baridi inayoanza kuuma kabla ya saa mbili usiku. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya nao hutoa tahadhari ya usiku wenye baridi. Dalili hizi zikikutana, hatua zifuatazo zichukuliwe.

Mwagilia udongo asubuhi au mchana. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la jua kuliko udongo mkavu, na huliachilia polepole usiku. Mwagilia udongo, usilowanishe majani. Yaache majani yaingie usiku yakiwa makavu.

Sogeza matandazo. Matandazo ya nyasi ni mazuri kwa kuhifadhi unyevu, na yasiondolewe kabisa. Lakini katika usiku wa sakitu yana kasoro: huzuia joto la udongo lisipande kuufikia mmea. Yasogezwe kando asubuhi ili udongo uliolowa upigwe na jua, kisha yarudishwe hatari ikipita.

Funika kabla ya jua kutua. Magunia, shuka kuukuu au kitambaa chepesi cha shambani vinafaa. Simika vijiti vinne kuzunguka mche ili kifuniko kisiguse majani, na ukishushe hadi chini, kwa sababu joto linalolindwa ni lile linalotoka ardhini. Kifuniko kilichofungwa kwenye shina juu ya ardhi kama mwavuli huacha joto likatoroka chini yake. Karatasi ya plastiki itumike tu kama hakuna kingine, na isiguse jani hata kidogo, kwani jani linaloigusa huganda.

Funua asubuhi. Sakitu ikishayeyuka, ondoa vifuniko. Mmea uliofunikwa mchana kutwa hupata joto na unyevu kupita kiasi, na magonjwa ya ukungu huanzia hapo.

Wenye vivungulio wafunge madirisha ya pembeni alasiri, jua likiwa bado linawaka, ili joto libaki ndani. Wasidhani hata hivyo kwamba kivungulio kisichopashwa moto ni kinga kamili. Plastiki ya kawaida hupitisha joto usiku, na kwenye usiku mkali maua yaliyo karibu na kuta huungua. Asubuhi madirisha yafunguliwe mapema ili unyevu utoke.

Kuna mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuwasha mioto ya moshi. Moshi huonekana kama wingu, lakini hauzuii joto la ardhi kupotea jinsi wingu la mvua linavyofanya, na unadhuru mapafu ya watu na mifugo. La pili ni kunyunyizia maji juu ya mimea usiku bila mitambo ya kutosha. Mbinu hiyo hutumika katika mashamba makubwa, lakini maji hayapaswi kukatika hadi barafu yote iyeyuke asubuhi. Yakikatika saa tisa usiku kwa sababu tangi limekauka, madhara huwa makubwa kuliko kama mkulima asingenyunyizia kabisa.

Juni hadi Agosti: baridi ya ukungu

Baridi ya katikati ya mwaka ni ya aina nyingine. Haiunguzi jani, bali huuchosha mmea. Jua huwa hafifu, maua huchelewa, na majani hukaa na maji kwa saa nyingi. Adui mkubwa wa msimu huu ni kuvu.

Ubwiri unga hujitokeza kama unga mweupe juu ya majani machanga na vitumba. Ubwiri vinyoya ni hatari zaidi: huleta madoa ya zambarau au kahawia kwenye majani, kisha majani huanguka kwa wingi katika siku chache. Ukungu wa kijivu hushambulia petali na mahali palipokatwa, na mara nyingi huonekana ua likiwa tayari limefungwa kwenye katoni.

Kinga yake ni hewa na ukavu. Pogoa matawi ya katikati yanayosongamana ili mwanga na upepo vipite. Mwagilia asubuhi, ardhini. Okota majani yaliyoanguka na uyaondoe shambani. Punguza kiasi cha maji, kwani mmea usiokua haraka haunywi sana, na mizizi inayolala majini huoza. Dawa zikihitajika, ziwe zilizosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, na zipigwe kwa maelekezo yaliyo kwenye lebo.

Baada ya sakitu: usiharakishe kung'oa

Asubuhi baada ya sakitu, mkono wa mkulima hukimbilia makasi au jembe. Autulize. Majani meusi hayathibitishi kwamba mmea umekufa. Mara nyingi sakitu ya huku huua majani na ncha laini pekee, na matawi yaliyokomaa yakabaki hai. Tena ncha zilizoungua hukinga kidogo sehemu za chini usiku unaofuata, na kupogoa mapema huamsha machipukizi mapya yatakayounguzwa tena.

Subiri wiki mbili hadi tatu, kisha upime. Kwangua gamba la tawi kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, tawi ni zima. Pakiwa kahawia na pakavu, tawi limekufa; shuka chini na ukwangue tena. Kata mahali ambapo moyo wa tawi ni mweupe, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Safisha makasi kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji kabla ya kuhamia mche mwingine.

Wakati huo punguza maji, kwa kuwa mmea usio na majani hauyatumii, na usiupe naitrojeni hadi majani mapya yakomae.

Mwisho, tazama machipukizi yanatokea wapi. Yakitoka juu ya kiungo, waridi lako liko hai, na litachanua. Yakitoka chini ya kiungo pekee, hayo ni ya shina la mizizi; yang'oe yangali machanga. Baada ya miezi miwili, kama juu ya kiungo hakujachipuka kitu, hapo ndipo unapoweza kung'oa bila majuto.

Kalenda fupi

Oktoba: pima udongo, kagua ua, tambua sehemu za bondeni.
Novemba: punguza naitrojeni, amua ni kitalu kipi kitapogolewa kwa ajili ya Februari.
Desemba hadi Februari: weka magunia na vijiti tayari, fuata utabiri, funika na ufunue.
Machi: ondoa udongo uliorundikwa kwenye kiungo, pogoa matawi yaliyokufa, rudisha mbolea mvua inapoanza.
Juni hadi Agosti: punguza maji, ruhusu hewa, kagua kuvu kila wiki.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini usiku wenye mawingu hauna hatari kubwa ya sakitu?
2. Mwaridi wa Minnesota na wa Kinangop hutofautiana vipi baridi inapofika?
3. Katika shamba lako, hewa baridi husimama wapi, na itatokea wapi?
4. Utatambuaje kwamba mwaridi wenye majani meusi bado uko hai?

Vikundi vya wakulima, vilabu vya kilimo shuleni na wenye bustani wanaweza kulitumia somo hili katika mikutano yao. Aliye na swali kuhusu shamba lake amwone afisa wa kilimo wa wadi, na ikiwezekana abebe tawi lililoathirika pamoja na tarehe ya usiku ule wa sakitu. Tarehe hizo zikiandikwa kwenye daftari mwaka baada ya mwaka, zitamwonyesha mkulima ni wiki gani asilale mapema.